Tom Mboya: Mwana wa Rusinga, Mbunge wa Nairobi

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la akina McMillan. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mkata mkonge aliyepanda cheo hadi kuwa mnyapara. Mama yake aliitwa Marcella Onyango. Wote wawili walitoka Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria kilicho ng'ambo ya Mbita, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Homa Bay. Jina la Odhiambo ni la Kijaluo, na hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa jua likielekea kutua.

Wakati huo Homa Bay na Migori hazikuwa na mpaka kati yao. Zote zilikuwa sehemu ya wilaya moja kubwa, ambayo baadaye iliitwa Nyanza Kusini, iliyoanzia pwani ya ziwa ikashuka hadi mpaka wa Tanganyika. Kilichoiunganisha wilaya hiyo na Kenya nyingine ni watu wake kuondoka. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha hazikuwepo kijijini, kwa hiyo vijana walifunga safari kwenda kwenye chai ya Kericho, kwenye reli, kwenye gati za Mombasa na kwenye mkonge wa Thika. Ndiege alikuwa mmoja wao, na mwanawe akazaliwa ugenini, miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu.

Ugenini huo ulimpa mtoto hazina ambayo haikununulika. Mboya alikua akisema Kikamba, Kikikuyu na Kiswahili pamoja na Kijaluo cha nyumbani. Watu wa Rusinga wenyewe ni Wasuba, ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda na ambao kwa vizazi kadhaa wamezoea Kijaluo kiasi kwamba Kisuba kimebaki zaidi vinywani mwa wazee. Mtu wa kabila dogo ndani ya kabila kubwa, aliyelelewa katikati ya makabila mengine: ukitafuta kwa nini Nairobi ilimkubali kabla ya Nyanza, anzia hapo.

Elimu yake ilikuwa ya misheni za Kikatoliki. Akiwa na umri wa miaka tisa hivi alipelekwa Kabaa, Ukambani, ambako wanafunzi walijifunza kuandika kwa kidole kwenye mchanga kwa kukosa vibao na karatasi. Mwaka 1942 akahamia St Mary's, Yala, na mwaka 1946 akaingia Holy Ghost College, Mangu. Karo ndiyo iliyomkwamisha. Baba alikuwa na watoto wengine wa kusomesha kwa mshahara wa shambani, na Mboya akaacha masomo kabla ya kumaliza. Alitafuta chuo ambacho kingemlipa badala ya kumtoza, akakipata katika mafunzo ya wakaguzi wa afya kwenye Jeanes School, Kabete, mwaka 1948.

Mwaka 1951 aliajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Kazi yake ilikuwa kupima maziwa, kukagua nyama na maduka, na kuandika ripoti. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo ya alicholipwa Mzungu kwa kazi ileile. Mboya alisimulia baadaye, katika kitabu chake Freedom and After cha mwaka 1963, kisa cha mama wa Kizungu aliyeingia maabara na sampuli ya maziwa, akamwona amesimama pale, akauliza kama kuna mtu yeyote ndani. Kijana akamuuliza naye kama macho yake yana hitilafu. Mama yule alikwenda kushitaki. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi mno, lakini kinaonyesha jambo ambalo wapinzani wake wangelijua baadaye kwa gharama kubwa: Mboya hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Silaha yake ilikuwa jibu fupi lililokwisha kunolewa.

Wafanyakazi Waafrika wa baraza hilo walikuwa na chama chao kidogo cha ustawi. Mboya alichaguliwa kukiongoza mwaka 1952 na akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, chenye kadi, ada na matawi. Oktoba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, ikamkamata Jomo Kenyatta na viongozi wenzake wa Kenya African Union. Wengi walijitenga na chama hicho kwa hofu. Mboya, akiwa na miaka 22, alijiunga nacho wakati huo, akashika uenezi wa habari kisha hazina. Juni 1953 KAU ikapigwa marufuku.

Chama cha siasa kikishafungwa, mlango uliobaki ulikuwa mmoja. Sheria ya kikoloni iliruhusu vyama vya wafanyakazi, kwa matumaini kwamba vingejishughulisha na mishahara na kuacha mambo mengine. Septemba 1953 Mboya alichaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo, ambalo baadaye liliitwa Kenya Federation of Labour. Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi katika msako uliopewa jina la Operesheni Anvil na kuwazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru hadi kambini. Viongozi wengi wa vyama walichukuliwa pia. Shirikisho likabaki karibu sauti pekee halali ya Waafrika nchi nzima, na Mboya aliitumia sauti hiyo kulalamikia kamatakamata, adhabu za pamoja na kufukuzwa kwa familia. Kila barua aliyoiandikia serikali alituma nakala London, kwa wabunge wa chama cha Labour na kwa shirikisho la wafanyakazi la Uingereza. Serikali ilipotishia kulifuta shirikisho lake mwaka 1956, ni watu hao wa London walioingilia kati.

Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alishuka pwani, akawaomba warudi kazini huku madai yao yakipelekwa kwa msuluhishi, na kwa kuwa hoja zao zilikuwa zimeandaliwa kwa hesabu na ushahidi, mishahara ikapanda. Kwa mara ya kwanza jina lake lilisikika mbali na Nairobi. Somo alilolipata pale lilimkaa maisha yote, kwamba mgomo ni wa kutishia zaidi kuliko wa kufanya na ushindi huandikwa mezani. Baadhi ya wafanyakazi walimwona mpole mno kwa sababu hiyo.

Mwaka huohuo alikwenda Ruskin College, Oxford, kwa ufadhili, akasoma uhusiano wa kazini na siasa. Aliandika kijitabu kuhusu swali la Kenya, kilichochapishwa London mwaka 1956, kisha akazuru Marekani, ambako vyama vya wafanyakazi vilimpokea kama ndugu na kutoa dola 35,000 za kujengea makao makuu ya shirikisho lake Nairobi, jengo la Solidarity House. Fedha hizo zingemfuata hadi kaburini. Ilikuwa enzi ya vita baridi, na shirikisho la kimataifa lililomsaidia, lenye makao Brussels, lilipingana waziwazi na lile la Wakomunisti. Mahasimu wake hawakuchoka kumwita kibaraka wa Wamarekani. Mboya alijibu kwamba anachukua msaada pale anapoupata. Hakukana kuwa marafiki zake walikuwa upande mmoja tu.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima, na kupiga kura kulikuwa na masharti ya elimu, kipato au mali. Hapo Mboya alifanya uamuzi unaoeleza siasa yake yote. Nyanza Kusini ilikuwa na kiti chake, na Lawrence Oguda ndiye aliyekishinda. Mboya hakukigombea. Alisimama Nairobi, dhidi ya Clement Argwings-Kodhek, Mjaluo mwenzake na mwanasheria wa kwanza Mwafrika nchini, akashinda kwa kura chache. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake hakuwahi kuomba kura nyumbani kwao.

Wajumbe hao wanane, wakiwemo Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi na Masinde Muliro, walikataa kushika nyadhifa mpaka viti vya Waafrika viongezwe. Odinga alikuwa mwenyekiti wao, Mboya katibu. Serikali ilisalimu amri na kuviongeza hadi 14. Kwa kuwa vyama vya kitaifa bado vilikatazwa na kila wilaya iliruhusiwa chama chake tu, Mboya alianzisha Nairobi People's Convention Party mwaka 1958, chama cha jiji chenye matawi ya mitaani, mikutano ya kila juma na gazeti lililoitwa Uhuru. Wakati huo Nairobi haikuwa imeona chama kilichopangwa namna hiyo.

Desemba 1958 mkutano wa watu wa Afrika nzima uliitishwa Accra na Kwame Nkrumah. Patrice Lumumba alikuwepo, Frantz Fanon pia. Waliomkalisha Mboya kwenye kiti cha mwenyekiti walikuwa wakimpa kazi hiyo kijana wa miaka 28. Katika hotuba yake aliwakumbusha wakoloni namna walivyogawana bara kule Berlin, akawaambia kuwa wakati umefika wa kufungasha na kuondoka. Machi 1960 picha yake ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time.

Kati ya yote aliyofanya kabla ya uhuru, lililogusa nyumba nyingi zaidi ni safari za wanafunzi kwenda Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Afrika Mashariki yote ilikuwa na chuo cha Makerere na nafasi chache za vyuo vya ufundi. Kijana aliyefaulu sekondari angeweza kukaa nyumbani maisha yake yote kwa kukosa mlango. Vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kuwapokea Wakenya na hata kuwapa ufadhili wa karo, ila nauli ilikuwa kikwazo. Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia vyuoni na makanisani, na pamoja na mfanyabiashara William Scheinman akasaidia kuanzisha mfuko wa nauli. Mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier waliweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Walichaguliwa na Mboya mwenyewe pamoja na wasomi waliorudi kutoka Marekani, Julius Kiano na Kariuki Njiiri, na familia ziliuza mifugo na kuandaa karamu za michango ili mtoto asiende mikono mitupu.

Mwaka uliofuata maombi yalikuwa mengi zaidi na fedha hazikuwepo. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilikataa kusaidia. Julai 1960 Mboya alimtembelea seneta John Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kambi ya Richard Nixon, mpinzani wa Kennedy, ikashtuka na kuharakisha ahadi ya fedha za serikali, na kwa siku kadhaa nauli za watoto wa Nyanza na Ukambani zikawa hoja katika uchaguzi wa rais wa Marekani. Kufikia mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 walikuwa wamesafiri. Wangari Maathai alikwenda katika awamu ya 1960. Pamela Odede, binti wa Walter Odede, mwanasiasa aliyekuwa kizuizini tangu siku za KAU, alisoma Ohio. Januari 1962 alifunga ndoa na Mboya jijini Nairobi. Barack Obama wa kwanza, mzaliwa wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, mara nyingi huhesabiwa miongoni mwa abiria wa ndege ile ya 1959. Si kweli. Alikwenda Hawaii mwaka huohuo kwa nauli iliyopatikana kwingine, ingawa alifahamiana na Mboya na aliendelea kuwa rafiki yake.

Waingereza walinung'unika kwamba vyuo vya Marekani ni duni. Wahitimu wake walipoanza kurudi, walikuta ofisi zilizoachwa na maafisa wa kikoloni zikisubiri watu, na hoja hiyo ikafa.

Chama cha KANU kiliundwa mwaka 1960 baada ya mkutano wa katiba wa Lancaster House. James Gichuru alishika urais wa chama kwa niaba ya Kenyatta aliyekuwa bado amefungiwa, Odinga akawa makamu na Mboya katibu mkuu, cheo alichokishika hadi mwisho wa maisha yake. Waliokipanga chama hicho hawakuwa wamoja hata siku ya kwanza. Katika uchaguzi wa 1961 sehemu ya uongozi wa KANU ilimuunga mkono Dkt. Munyua Waiyaki dhidi ya katibu wao mkuu katika Nairobi Mashariki, mahali ambapo wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu. Mboya alizoa zaidi ya kura 31,000, na mpinzani wake hakufikisha 3,000. Katika historia ya Kenya ni vigumu kutaja matokeo mengine yanayoweza kushindana na hayo kama ushahidi kwamba mpiga kura wa mjini aliwahi kumchagua mtu bila kuuliza kwao ni wapi.

Serikalini alipita haraka kutoka wizara moja hadi nyingine. Akiwa waziri wa kazi mwaka 1962 aliwakalisha waajiri na vyama vya wafanyakazi na kuwafanya watie saini mkataba wa mahusiano kazini ambao bado unatajwa. Wafanyakazi aliowafundisha kugoma sasa aliwafundisha kutogoma kabla ya kusuluhishwa, na wapo ambao hawakumsamehe. Kisha akawa waziri wa sheria na mambo ya katiba. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963 ikiwa na katiba ya majimbo, iliyogawa madaraka kati ya serikali kuu na mikoa. Mboya aliamini kwamba nchi changa haiwezi kupanga uchumi wake ikiwa na serikali nane, na ofisi yake ndiyo iliyotayarisha mabadiliko yaliyoyavunja majimbo na kuifanya Kenya jamhuri yenye rais tarehe 12 Desemba 1964.

Baada ya hapo alipewa wizara ya mipango ya uchumi na maendeleo, akisaidiwa kwa muda na Mwai Kibaki. Kutoka wizara hiyo, mwaka 1965, ulitoka waraka wa Bunge namba 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Jina lake liliwapoza waliotaka ujamaa. Yaliyomo yaliwatuliza wenye mali: umiliki binafsi ulindwe, mitaji ya nje ikaribishwe, utaifishaji uwe wa nadra na wenye fidia. Barack Obama wa kwanza, aliyekuwa amerudi na shahada ya uchumi, aliuchambua waraka huo hadharani katika jarida la East Africa Journal na kuuliza ni wapi hasa ulipotofautiana na ubepari.

Kuna aya moja ya waraka huo ambayo wasomaji wa Nyanza Kusini wana sababu ya kuitazama mara mbili. Ilisema kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yatakayoongeza pato haraka zaidi, yaani yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu waliozoea mazao ya biashara. Faida ikishapatikana, ndipo maeneo mengine yasaidiwe. Kwa mchumi ni hesabu ya kawaida. Lakini Rusinga ni kisiwa kikavu chenye mawe, na mwambao wote kutoka Mbita hadi Karungu huko Migori haukuwa na chai, kahawa wala reli. Mtoto wa mvuvi wa kule alisubiri zamu ambayo waraka haukuitajia mwaka. Kaskazini mwa Kenya ndiko kunakotajwa zaidi kila aya hiyo inapolaumiwa, na ni haki, ila iligusa pia nyumbani kwa waziri aliyeupeleka waraka Bungeni.

Wizara hiyohiyo ilisimamia mpango wa taifa wa uzazi wa majira mwaka 1967, Kenya ikiwa ya kwanza kufanya hivyo kusini mwa Sahara. Waziri alikuwa Mkatoliki.

Uhasama wa Mboya na Odinga umeelezwa mara nyingi kama ugomvi wa Wajaluo wawili juu ya kiti kimoja. Ulikuwa na hilo ndani yake, lakini ulikuwa pia ugomvi wa siasa za dunia na wa namna ya kufanya siasa. Odinga, wa Nyanza ya Kati, alikuwa na marafiki Moscow na Beijing, alidai ardhi irudishwe bila malipo, na nguvu yake ilikuwa kwa watu wake wa nyumbani waliomwita Jaramogi. Nguvu ya Mboya ilikuwa ofisi: orodha za wanachama, ajenda, kanuni. Machi 1966, katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, nafasi ya makamu wa rais wa chama ilifutwa na badala yake wakawekwa makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa. Odinga aling'olewa kwa marekebisho ya katiba ya chama. Alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi na kujiunga na chama kipya, Kenya People's Union. Wabunge waliomfuata walikuta sheria imeshabadilishwa kwa haraka: atakayehama chama lazima arudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi mdogo wa 1966 KPU ililinda ngome yake ya Nyanza ya Kati na kupoteza kwingi. Mwaka huohuo Bunge liliirudishia serikali uwezo wa kuweka watu kizuizini bila kesi, uwezo uleule ambao Mboya aliupinga kwa barua miaka kumi na miwili nyuma.

Odinga akishaondolewa, waliokuwa wakimhitaji Mboya kwa kazi hiyo hawakumhitaji tena. Rais Kenyatta alikuwa mzee na afya yake ilitetereka, na kundi lililomzunguka, la Kiambu hasa, lilianza kuhesabu nani angemrithi. Kijana wa Rusinga mwenye chama mkononi, marafiki nje ya nchi na wapiga kura wa makabila yote alikuwa jibu lisilotakiwa. Mwaka 1968 sheria ya urithi ilirekebishwa. Pendekezo moja lilitaka mgombea urais awe ametimiza miaka 40, na Mboya alikuwa na 37. Wabunge walilikataa na umri ukawekwa 35. Ilikubaliwa pia kwamba rais akifa, makamu ashike madaraka kwa siku 90 hadi uchaguzi ufanyike. Kifungu hicho ndicho kilichompeleka Moi ikulu mwaka 1978, miaka kumi baadaye.

Mei 1969 kulifanyika uchaguzi mdogo Gem, baada ya Argwings-Kodhek kufariki Januari mwaka huo. Mboya aliongoza kampeni ya KANU na KPU ikashinda kupitia Wasonga Sijeyo. Ilionekana wazi kwamba hata baada ya Odinga kutolewa serikalini, Nyanza haikuwa imehamia kwa Mboya.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, Mboya aliingia katika duka la dawa la Chhani kwenye Government Road, barabara inayoitwa sasa Moi Avenue. Dakika chache kabla alikuwa amekutana na rafiki yake Obama barabarani wakasalimiana na kutaniana. Alipotoka dukani alipigwa risasi, akafa kabla ya kufika hospitali au mara baada ya hapo. Alikuwa na miaka 38.

Maiti ilipopelekwa kwenye misa katika Kanisa Kuu la Holy Family siku tatu baadaye, umati uliojaa nje ulizomea na kurushia mawe msafara wa rais, polisi wakatumia virungu na gesi ya kutoa machozi. Watu walipiga kelele za "Dume!", alama ya KPU, chama ambacho marehemu alikuwa ametumia miaka mitatu kukidhoofisha. Kifo kilifanya kile ambacho uhai haukuweza: kwa siku moja Wajaluo wote walimhesabu kuwa wao. Msafara wa jeneza ulipita Bonde la Ufa na Kisumu hadi Homa Bay, ukasubiriwa barabarani na maelfu ya watu, kisha ukavuka maji ya Mbita. Alizikwa Rusinga tarehe 11 Julai.

Nahashon Isaac Njenga Njoroge alikamatwa, akashitakiwa na kuhukumiwa kifo, akanyongwa Novemba mwaka huo. Obama alikuwa miongoni mwa mashahidi. Inasimuliwa kwamba Njenga aliwauliza waliomkamata kwa nini hawamtafuti mkubwa. Mkubwa huyo hakutajwa mahakamani, na hakuna tume iliyoundwa kumtafuta. Oktoba 1969 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali. Yeye na Odinga wakarushiana maneno hadharani, walinzi wakafyatua risasi katika umati na kuua watu. KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini kwa sheria ya 1966. Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa vitendo, na Nyanza ikakaa nje ya mlango wa serikali kwa miaka mingi.

Pamela Mboya alibaki na watoto wadogo. Baadaye aliiwakilisha Kenya katika shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, akafariki mwaka 2009. Hotuba na makala za mumewe zilikusanywa katika The Challenge of Nationhood, kilichotoka mwaka 1970. Mwaustralia David Goldsworthy alipoandika wasifu wake mwaka 1982 aliupa jina la mtu ambaye Kenya ilitaka kumsahau, na kwa wakati ule jina hilo lilifaa. Nairobi ilikuwa imempa barabara, ile iliyoitwa zamani Victoria Street, lakini sanamu ilisubiri hadi Oktoba 2011, Kibaki akiwa rais. Imesimama Moi Avenue, hatua chache kutoka lilipokuwa duka la Chhani.

Wilaya ya Nyanza Kusini imeshagawanywa. Migori ilipata wilaya yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katiba ya 2010 ikazifanya Migori na Homa Bay kaunti mbili zenye magavana na bajeti zao, utaratibu ambao mvunjaji wa majimbo angekuwa na mengi ya kusema juu yake. Mjini Homa Bay kuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichoanza kama chuo kishiriki cha Maseno. Mbita na Rusinga zimeunganishwa kwa barabara na daraja, na mgeni anayevuka leo hahitaji mashua. Kaburi liko Kasawanga, ndani ya jengo lililojengwa kwa umbo la risasi.